Mcheza Sinema Aliyekuwa Waziri Mkuu



Wako wazazi, hapa Mzinga na huko juu milimani Uluguru, wasemao kwamba kijana apendaye michezo ya kuigiza ni mvivu. Leo nawaletea habari za mtu mmoja, mpime wenyewe.

Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa mtoto wa Songea. Alisoma Tabora, kisha akawa mtumishi wa Serikali ya kikoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika sinema chache za Kiswahili za kuwafundisha wenyeji, naye akawa mmoja wa wachezaji wa kwanza wa nchi hii. Sinema moja, ya mwaka 1952, iliitwa Muhogo Mchungu. Yaeleza habari za mtu wa shamba aliyeingia mjini, akanaswa na wajanja.

Kila mama ajua: muhogo mchungu usipotengenezwa vema hudhuru mlaji. Ndivyo ulivyo mji kwa kijana aendaye bila kuonywa. Tena siku hizi wajanja hawamngoji ashuke stendi ya Dar es Salaam. Humfuata kwa simu mpaka shambani kwao.

Lakini Kawawa hakuridhika na kuigiza tu taabu za watu. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya Serikali na mshahara wake wa hakika. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu Uwaziri Mkuu, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Baadaye alikuwa Makamu wa Rais, na tena Waziri Mkuu tangu 1972 hata 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Alikuwa Mwislamu, si wa dini yetu. Lakini kuwatumikia wanyonge ni tendo jema, alitendaye awaye yote.

Basi, mama, mwanao akichaguliwa kuwa mchungaji katika mchezo wa Noeli parokiani, usimnyime ruhusa. Aigizaye taabu ya mwenziwe hujifunza kuiona. Akisha kuvua kanzu ya mchezo, mtume kwa jirani yenu mgonjwa akamchotee maji. Hapo ndipo mchezo wake utakapozaa matunda.