Machakos: Mahali mahasimu wa Sudan walipolegeza misimamo

JULAI 20, 2002, baada ya majuma matano ya mazungumzo mjini Machakos, wajumbe wa serikali ya Sudan na wa vuguvugu la SPLM walitia saini itifaki ambayo wachache waliitarajia. Khartoum, iliyopigana tangu 1983 ili nchi isigawanyike, ilikubali watu wa Kusini wapige kura ya kuamua hatima yao baada ya miaka sita ya mpito. SPLM, iliyotaka Sudan nzima iwe na serikali isiyofungamana na dini, ilikubali sharia ya Kiislamu iendelee kutumika Kaskazini.

Ni nini kilichowalainisha mahasimu hao?

Kwanza, uchovu. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili walikuwa wameangamia, na hakuna upande ulioweza kuushinda mwingine. Mafuta, yaliyoanza kuuzwa nje mwaka wa 1999, yaliipa serikali fedha za silaha, lakini visima vingi vilikuwa katika uwanja wa vita.

Pili, shinikizo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Khartoum, iliyowahi kumpa hifadhi Osama bin Laden, haikutaka kuhesabiwa miongoni mwa maadui wa Marekani.

Tatu, na muhimu zaidi, kila upande uliachiwa kile ulichokithamini kuliko vyote. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, msuluhishi aliyeteuliwa na Rais Moi, hakuyakwepa masuala mawili magumu zaidi: dini na hatima ya Kusini. Hata viongozi wa Japani, walipokuwa wakikubali kusalimu amri mwaka wa 1945, walishikilia kwamba Mfalme wao asiondolewe; naye Hirohito alibakia.

Hata hivyo, kutia saini si kumaliza vita. Septemba 2002, SPLA ilipouteka mji wa Torit, Khartoum ilijiondoa katika mazungumzo, ikarejea Oktoba. Mkataba kamili ulitiwa saini Nairobi, Januari 9, 2005. Katika kura ya maoni ya 2011, karibu asilimia 99 ya wapiga kura wa Kusini walichagua kujitenga.

Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Meza ya Machakos ilikuwa ya pande mbili tu zenye bunduki. Waliobaki nje hawakungoja: Darfur iliwaka 2003, Sudan Kusini ikapigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia Desemba 2013, nayo Khartoum ikageuka uwanja wa vita Aprili 2023. Wasuluhishi wa leo wana funzo: majenerali wakikubaliana, raia nao sharti wawe na kiti.