Adabu ya uta isizikwe pamoja na wazee

Siku moja nilikuwa nimeketi katika mkahawa mmoja mjini Eldoret, nangoja chai ipoe, kijana aliyekaa nami meza moja akanisogezea simu yake nitazame. Mlikuwa na Mmarekani aliyevaa nguo za rangi ya majani makavu. Amejifunga mkanda mpana kiunoni na mapajani, mkanda ameuzungusha kwenye shina la mti, naye yu juu huko ameegemea hewa kama mtu aliyekaa kitini. Mkononi ameshika upinde wa mti mtupu, usio na magurudumu wala darubini. Alikuwa akiwasubiri kulungu wa kwao.

"Mzee, tazama maarifa ya Wazungu," akaniambia.

Nikamwuliza kama babu yake yu hai. Akasema yu hai, ana miaka themanini na kitu, anakaa upande wa Kaptagat. Nikamwambia, "Basi nipeleke kwake, akakueleze maarifa haya ni ya nani."

Tulikwenda. Yule mzee aliitazama picha mara mbili, akacheka hata kikohozi kikamshika. Alipotulia akasema, "Hata sisi tulikuwa na mkanda, lakini wa ngozi. Na tulipokamatwa hatukupigwa picha. Tulipigwa faini."

Ndugu msomaji, maneno hayo ya mzee yamenikaa moyoni, na leo nataka tuyazungumze. Najua wapo watakaoniuliza: wewe mtu wa pwani, uliyelelewa kwa samaki na kuhitimu chuoni kwa mwalimu, uta na mishale ya bara vinakuhusu nini? Vinanihusu, na mwisho wa makala haya natumaini utaona kuwa vinakuhusu hata wewe.

Kwanza nikueleze alivyonieleza mzee. Kupanda mti, alisema, si uvivu wa kuogopa kutembea. Mnyama hunusa kilicho sawa na pua yake na hutazama kilicho sawa na macho yake. Mara chache huinua kichwa kutafuta adui juu. Kwa hiyo mwindaji huchagua mti ulio karibu na maji, au karibu na mahali wanyama wanaporamba ardhi ya chumvi, akapanda jua lingali juu, akajifunga ili usingizi usimwangushe, akanyamaza. Hali tumbaku, hakohoi, hateremki kwenda haja. Anaweza kukaa hivyo tangu alasiri hadi mbalamwezi. Na wanyama wakija, bado hafumi. Huwahesabu. Humtafuta jike mwenye mtoto ili amwache. Humngoja dume ageuke ubavu, awe hatua kumi na tano au ishirini, maana mshale wa kubahatisha kwa mbali humjeruhi mnyama akaenda kufia asikoonekana, na hiyo kwao ilikuwa aibu.

"Wengi wa usiku wetu," alisema mzee, "tuliteremka mikono mitupu."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba ule mti ulikuwa shule. Kijana aliyewekwa juu ya tawi usiku kucha, na upinde uliokwisha kutiwa upote, na akaambiwa asiutumie mpaka atakapokuwa na hakika, huyo anafundishwa kuutawala mkono wake. Nasi chuoni tulifundishwa hayo hayo kwa njia nyingine: kwamba msasi hulitaja jina la Mungu kabla hajauachia mshale wake, na kwamba ni haramu kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Mwalimu wangu hakupata kufika Kaptagat, na yule mzee hakupata kukaa chuoni, lakini wangekutana wangeelewana.

Tena mshale haukuwa mmoja. Miongoni mwa Wakalenjin palikuwa na mshale wa vita na mshale wa mawindo. Palikuwa na wa ndege, ambao watoto waliuchezea. Na palikuwa na ule mfupi uliofungwa kizuizi nyuma ya ncha yake, uliotumiwa kutoboa mshipa wa shingo ya ng'ombe ili damu ikingwe kidogo, ichanganywe na maziwa, na ng'ombe apone aende malishoni. Fikiri, msomaji: mshale uliotengenezwa makusudi usiue! Watu wanaoweza kubuni chombo kama hicho si washenzi wanaofuma chochote kinachopita.

Lakini historia iliandikwa na wenye bunduki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka huo huo, alikuja nchi hii kuwinda, akafika mpaka uwanda huu wa Uasin Gishu. Karibu na mwamba wa Sergoit, si mbali na Eldoret ya leo, aliwashuhudia Wanandi wakimzunguka simba na kumuua kwa mikuki, akawasifu sana katika kitabu chake. Safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa bunduki. Huo uliitwa uwindaji na elimu. Ama Mwafrika aliyepanda mti wake na uta wake kutafuta kitoweo, serikali ya kikoloni ilimwita jangili. Mmoja alikuwa na leseni, mwingine alikuwa na njaa, na sheria ilimtambua mwenye leseni.

Kwetu pwani mambo yalikuwa hayo hayo. Nyuma ya Malindi, kuelekea mto Galana na Tsavo, wanaishi Wawata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Hao walikuwa mafundi wa uta wasio na kifani. Upinde wao ulihitaji nguvu ya kuvuta zaidi ya ratili 100, nguvu ambayo wapiganaji wa Uingereza wa zama za kale wangeiheshimu. Kwa mshale uliopakwa sumu ya msunguti, mti unaochemshwa hata ukatoa ulimbo mweusi, waliweza kumwangusha ndovu. Sumu hiyo husimamisha moyo, na wataalamu wa Ulaya walipoichunguza katika karne ya 19 waliitoa humo dawa waliyoiita "ouabain", jina lililotokana na neno la Kisomali, "waabaayo".

Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, Wawata walijikuta wageni katika nchi ya baba zao. Kati ya miaka ya 1956 na 1958 askari wa wanyama, wakiongozwa na kina David Sheldrick na Bill Woodley, waliwasaka hata wengi wao wakaishia gerezani. Hapa nisifiche aibu yetu: ndovu hawakuuawa kwa nyama tu. Pembe zilikuwa na wanunuzi, na wanunuzi walikuwa mijini, na baadhi ya mali ya pwani ilijengwa kwa pembe hizo. Mwata alikwenda jela. Mnunuzi alikwenda msikitini. Hilo nalo tulikiri.

Jambo moja kuhusu Wawata nataka ulishike, kwa kuwa nitalirudia. Kila mwindaji alitia alama yake katika mishale yake. Mnyama akipatikana mbali amekwisha kufa, alama ilisema ni wa nani, na ugomvi ukaisha. Askari walipoijua siri hiyo, waliitumia alama ile ile kuwatambua na kuwakamata wenyewe. Naam, iliwaponza. Lakini tazama uzito wake: kila mshale ulikuwa na jina, na mwenye jina aliweza kuulizwa.

Mwezi Mei mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, wa Mzungu na wa Mwafrika, wa leseni na wa kitoweo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi. Mimi siandiki haya ili kuomba mlango huo ufunguliwe. Ndovu wetu, waliokadiriwa kuwa kama 167,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibaki kama 16,000 ilipofika mwaka 1989. Ingawa kazi hiyo mbaya ilifanywa zaidi na bunduki za kivita kuliko uta, nchi iliyofikwa na hasara hiyo ina haki ya kusema basi. Watu ni wengi, misitu ni michache, na sumu ya msunguti haijui sheria ya uzazi wa majira.

Kosa letu ni jingine. Tulipofunga uwindaji tuliifunga na shule yake, lakini chombo chenyewe hatukukifunga. Uta ulibaki nyumbani, umetundikwa ukutani au umechomekwa darini. Uliobaki ulikuwa uta usio na mti wa kusubiria, usio na mzee wa kuuliza "umehakikisha?", usio na jike la kuachwa. Na chombo kisicho na adabu yake hutafuta kazi nyingine.

Kazi ile tuliiona. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Bonde la Ufa liliwaka. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret hapa hapa, walichomwa moto humo, wengi wao wanawake na watoto. Nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika fujo zile. Katika picha zilizozunguka dunia tuliwaona vijana barabarani wamevuta pinde, wanafuma upande wa pili, kwa watu wasiowajua majina. Mwanariadha Wesley Ngetich, aliyeipeperusha bendera yetu katika mbio za marathoni huko Marekani, aliuawa kwa mshale huko Trans Mara mwezi huo wa Januari. Fikiri mkimbiaji aliyeshinda ugenini, akaja kufia nyumbani kwa mshale wa nchi yake!

Nilimwuliza mzee wa Kaptagat juu ya siku hizo. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Wale hawakufundishwa na mtu. Mtu anayefuma bila kutazama, sisi tungemnyang'anya uta."

Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Ni kweli, maana mwenyewe atakwenda kuutafuta na ataujua kwa alama yake. Ila mshale uliokwenda kwa jirani mwaka ule haukuwa na alama ya mtu. Hakuna aliyekwenda kuuokota akasema, "Huu ni wangu."

Basi tufanye nini? Wapo wanaoshauri pinde zote zikusanywe zichomwe. Siwalaumu, ila nadhani wamekosea dawa. Huwezi kuchoma kumbukumbu ya watu. Utaifanya ijifiche tu. Afadhali tuirudishe shule, pasipo damu.

Na mfano tunao mlangoni. Julius Yego, kijana wa Nandi, alikulia katika nchi ya wakimbiaji, yeye akapenda kutupa mkuki. Alianza na vijiti alivyochonga mwenyewe, akajifunza kwa kutazama filamu za intaneti, na mwaka 2015 mjini Beijing akautupa mkuki mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akaleta fedha kutoka Olimpiki ya Rio. Mkuki ule ule wa Sergoit umegeuka kuwa mchezo, na haukumuumiza mtu. Kwa nini uta usifuate njia hiyo? Kulenga shabaha kwa upinde ni mchezo wa Olimpiki pia. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ina viwanja, ina shule, ina vijana wenye vifua na subira. Gunia lililojazwa majani makavu si ghali.

Lakini kabla ya gunia, wazee. Shule za Uasin Gishu na Elgeyo-Marakwet ziwaite waje waeleze, na maneno yao yaandikwe: namna ya kuchagua mti, namna ya kusoma upepo, majina ya mishale, na zaidi ya yote ni lini usifume. Waogiek wa Mau walikwenda mpaka Mahakama ya Afrika kule Arusha kudai haki ya msitu wao, na mwaka 2017 mahakama ikawapa haki, ikaitambua hata desturi yao ya kuishi na msitu. Ikiwa majaji wa bara zima wameona uzito wa desturi ya wawindaji, sisi wenyewe mbona hatuna hata daftari moja?

Na kijana apewe upinde kwa sharti alilowekewa babu yake: kila mshale utiwe alama ya mwenyewe, hata kama unakwenda kwenye gunia. Ajue tangu mwanzo kwamba akishauachia, ataulizwa.

Wamarekani hawakuona haya kurudi mtini. Jimbo la Wisconsin lilitenga majira ya kuwinda kulungu kwa uta tangu mwaka 1934, na leo wapo wanaouacha upinde wa kisasa wakautaka ule wa babu zao. Wanalipa fedha nyingi kwa mkanda wa kukalia juu ya mti. Kitu wanachokinunua hasa, kwa maoni yangu, ni ule usiku wa kunyamaza.

Tulipoagana, yule kijana wa mkahawani hakuwa tena na habari ya simu. Alikuwa ameketi chini karibu na babu yake, anauliza mkanda wa ngozi ulifungwaje. Nami njiani kurudi mjini nikamtungia ubeti huu, aubebe kama mshale wake wa kwanza:

Panda mti utulie, na uta wako begani,
Usifume usijue, ulengalo lina nini,
Mshale usiutoe, kwa hamaki ya moyoni,
Ndugu yako mwepushie, uta ni wa maguguni.