Kuzidisha Mapigo: Mtihani wa Kiswahili katika Karakana za Kisii na Nyamira

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi aghalabu hukwama penye nomino. Wataalamu hukutana, wakabishana iwapo mashine iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, wakatawanyika, kisha baada ya miaka wakakutana tena kulijadili swali lilo hilo. Makala haya yanashikilia kuwa swali hilo si kubwa kama linavyodhaniwa. Swali kubwa ni hili: je, Kiswahili kinaweza kumwelekeza fundi, hatua kwa hatua, katika kazi ambayo kosa moja huunguza mali ya mtu? Kazi itakayotumiwa hapa kuwa kipimo ni ile ya kukilazimisha kichakataji cha kompyuta ya mezani kiende kasi kuliko alivyokusudia mtengenezaji, kisha kidumu katika kasi hiyo bila kuyumba.

Apitaye mjini Kisii, Keroka, Ogembo au Nyamira hakosi kuviona vibanda vya kupiga chapa, kurudufu karatasi na kufungua intaneti, ambavyo wenyeji huviita saiba. Kompyuta nyingi za namna hii ni za mtumba. Kwa mwenye kibanda, mashine inayojikokota ni mteja anayeondoka, na mashine mpya ni ghali. Kasi ya ziada isiyolipiwa ni kishawishi kikubwa. Fundi anayeitwa kuitafuta kasi hiyo huzungumza Ekegusii na mteja wa nyumbani na Kiswahili na mteja mgeni, lakini maelezo ya kazi yake yako kwa Kiingereza. Aliyeachia masomo njiani hubaki kubahatisha. Je, ni nani wa kulaumiwa pindi mashine inapoungua?

Kazi yenyewe yaelezeka. Kichakataji hutenda kwa mapigo, mithili ya wapiga makasia wanaofuata ngoma moja. Idadi ya mapigo hupatikana kwa kuyazidisha mapigo ya msingi ya ubao mkuu kwa namba iitwayo kizidishi. Mfano mashuhuri ni kichakataji cha Intel kiitwacho Celeron 300A, kilichotoka mwaka wa 1998. Mapigo yake ya msingi yalikuwa megahezi 66 na ushei, na kizidishi chake 4.5, hivyo kasi yake ikawa megahezi 300. Kizidishi kilikuwa kimefungwa kiwandani. Hata hivyo, mafundi waliyapandisha mapigo ya msingi hadi megahezi 100, na vichakataji vingi vikafika megahezi 450 bila gharama kubwa. Nusu nzima ya kasi iliongezeka.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Mapigo yakizidi, kichakataji huweza kudai volteji zaidi ili kisiyumbe, na hapo ndipo joto linapoingia. Nguvu inayotumika huongezeka kwa uwiano wa mapigo, na kwa uwiano wa kipeo cha pili cha volteji. Fundi akiongeza mapigo kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, nguvu haiongezeki kwa asilimia 20, bali kwa takriban asilimia 33. Kichakataji kilichokuwa kikitumia wati 65 kitahitaji zaidi ya wati 86, na karibu zote hugeuka joto.

Hapa mazingira ya Kisii na Nyamira yana neno lake. Mji wa Kisii uko yapata meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni baridi kuliko ya Mombasa. Hilo ni nafuu, maana feni haiwezi kukipoza kichakataji kupita ubaridi wa hewa ya chumba. Lakini kibanda cha mabati kisicho na dirisha huifuta nafuu hiyo ifikapo adhuhuri, na vumbi la barabarani huziba mapezi ya bamba la kupozea. Isitoshe, nyanda hizi zina radi nyingi, na umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Kwa hiyo fundi mwenye busara haanzi na mapigo. Huanza kwa kupangusa vumbi, kubadilisha uji mzito wa kupitisha joto uliokauka baina ya kichakataji na bamba lake, kuikagua feni, na kuhakikisha kuwa kisanduku cha umeme cha mashine kinaumudu mzigo. Mara nyingi mashine hupata nafuu kwa hayo tu, kwa kuwa vichakataji vingi hujipunguzia kasi vyenyewe vinapopata joto kupita kiasi.

Baada ya hapo ndipo mapigo hupandishwa, tena kidogo kidogo, na kila hatua ikijaribiwa. Programu ya Prime95, iliyoundwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa mno, hupendwa na mafundi kwa sababu hukitwisha kichakataji mzigo mzito na kuyakagua majibu yake. Mashine ikikosea, hurudishwa nyuma hatua moja au mbili na kujaribiwa upya kwa saa kadhaa. Jambo hili halina budi kusisitizwa, kwani mashine isiyo thabiti si lazima izime. Yaweza kuendelea kuwaka huku ikikosea kimyakimya, na faili la alama za wanafunzi au la hesabu za ushirika wa chai likaharibika bila mtu kujua. Mwenye kibanda asiyeweza kuvumilia hasara hiyo ni heri aiache mashine yake katika kasi ya kiwandani.

Baada ya kazi kuelezwa, suala la istilahi hurahisika. Baadhi watapendekeza kuiita “kuongeza kasi”. Istilahi hiyo ni pana mno, kwa kuwa hata kuongeza kumbukumbu huifanya mashine iwe nyepesi. Wengine watasema “kuendesha kupita kiasi”. Hiyo nayo inahukumu kabla ya kueleza. “Kuzidisha mapigo” inafaa zaidi. Kitenzi kuzidisha hubeba maana ya kuvuka kipimo na pia maana ya kihesabu, na kasi ya kichakataji ni zao la kuzidisha kwa hakika. Ni maelezo ya kazi yaliyoidhihirisha istilahi hii. Orodha ya maneno peke yake isingaliweza.

Yamkini msomaji atapinga kuwa ujuzi huu umepitwa na wakati, kwa kuwa vichakataji vya siku hizi hujipandishia mapigo vyenyewe na vingi vya ofisini vimefungwa. Ni kweli. Lakini hata huko kufungwa ni maarifa anayostahili kupewa fundi wa Nyansiongo kabla hajapoteza siku nzima na fedha za mteja. Wengine watasema fundi na ajifunze Kiingereza. Ajifunze, ni vyema. Ila Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na urasmi usiofika karakanani ni wa karatasi tu.

Juhudi hazijakosekana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka wa 2004 programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini menyu ni orodha ya majina na amri. Haimwambii mtu kwa nini mashine yake inapata joto.

Basi idara za Kiswahili, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Kisii kilichopata hati yake mwaka wa 2013, zingefanya jambo dogo lenye manufaa. Mwanafunzi wa isimu au tafsiri na apewe kazi ya kuandika mwongozo wa kurasa 10 kuhusu kazi moja ya ufundi, kisha aupeleke kwa fundi wa Keroka ausome mbele yake. Kila neno litakalomkwamisha fundi liandikwe pembeni na kujadiliwa naye, hata kama suluhisho litatoka katika Ekegusii. Mhadhiri naye na asiusahihishe mwongozo huo mpaka fundi awe ameutumia na mashine yake ikawaka.