Tovuti za Biashara Ndogo: Tunauza Harusi, Hatuuzi Ndoa

Leo wasomaji wangu nataka kugombana. Si na serikali wala na kampuni za simu (hao zamu yao itafika), bali na watu wa kazi yangu, sisi tunaojiita watengenezaji wa tovuti. Nikimaliza nao nina maneno mawili matatu kwa wenye biashara pia, kwa hiyo mama wa saluni na fundi wa samani wasianze kucheka mapema.

Dai langu ni hili: tovuti ya biashara ndogo iliyotelekezwa ni mbaya kuliko kutokuwa na tovuti kabisa. Asiye na tovuti hajulikani tu, basi. Mwenye tovuti iliyooza anasema uongo saa 24 kwa siku, kwa jina lake na kwa pesa zake. Bei ya kitanda ni ya miaka minne iliyopita. Nambari ya simu ni ya kijana aliyeacha kazi. Ramani inampeleka mteja kwenye jengo ambalo duka lilishahama. Na mteja akifika dukani akatajiwa bei nyingine, hafikirii kwamba ukurasa umechakaa. Anafikiri unataka kumpunja.

Haya yanatoka wapi? Yanatoka kwenye namna tunavyouza kazi yetu. Tunauza harusi, ndoa hatuiuzi. Ankara inaonyesha usanifu, kurasa tano, picha zinazojiviringisha zenyewe juu ya ukurasa, na mwaka mmoja wa kuhifadhi tovuti kwenye seva. Siku ya uzinduzi kuna keki. Kisha mwezi wa 13 unafika. Ujumbe wa kukumbusha kulipia jina la tovuti unatumwa kwa barua pepe ya mtengenezaji, ambaye siku hizi ameajiriwa benki na hana habari. Jina linaisha muda. Tovuti inazimika, na barua pepe zote zinazoishia na jina hilo zinazimika nayo, zile zile zilizochapishwa kwenye kadi, risiti na ubavuni mwa pikapu.

Hapo kwenye jina ndipo hasira yangu ilipo kubwa. Majina yote yanayoishia .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia wasajili wake. Wakati wa kusajili unajaza jina la mmiliki na anwani yake. Sasa niambieni, kwa nini mtengenezaji anajaza jina lake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe kwa duka lisilo lake? Wengine watasema ni kurahisisha mambo. Kwa nani? Mimi naona ni sawa na fundi wa milango kukujengea mlango kisha akaondoka na funguo zote, na ukimwita anakwambia lete kitu kidogo kwanza. Mwenye biashara akitaka kuhamia kwa mtu mwingine anakuta kwamba kwenye kumbukumbu za msajili yeye si chochote. Sioni namna ya kuitetea tabia hii, na nimewasikiliza wanaojaribu.

"Lakini wateja hawataki kulipia matengenezo!" Nimeisikia hiyo mara nyingi. Ni kweli hawataki, kwa sababu hatukuwaambia mapema kwamba yapo. Mtu anayenunua pikipiki anajua kuna mafuta, oili na tairi. Aliyenunua tovuti ameambiwa kwamba imekwisha. Baada ya mwaka ukimpigia kumwomba pesa za kusasisha, lazima akuone tapeli.

Na usasishaji si urembo. Biashara ndogo nyingi hutumia WordPress na rundo la plagini juu yake. WordPress yenyewe imekuwa ikijisasisha marekebisho yake madogo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, lakini plagini kumi na tano ulizoweka ili upate kitufe kinachong'aa zinahitaji mtu wa kuziangalia. Chini yake kuna PHP, ambayo matoleo yake nayo huzeeka: toleo la 5.6 liliacha kupata viraka vya usalama mwisho wa mwaka 2018. Wanaotafuta matundu hawachagui. Programu zao hupita kila mlango na kusukuma, wa benki na wa duka la mitumba. Kwa hiyo tuache lile jibu la "nani ataniibia mimi mdogo hivi?"

Fikiria ataiba nini. Siku hizi watu wengi huandika nambari ya Till kwenye tovuti ili mteja atangulize malipo. Mwizi aliyeingia hana haja ya kuiangusha tovuti. Anabadilisha tarakimu chache tu na kuondoka, na ukurasa unabaki mzuri kama jana. Ndiyo, M-Pesa humwonyesha mlipaji jina la mpokeaji. Lakini mteja anayenunua kwako mara ya kwanza atajuaje kwamba jina hilo si lako? Till nyingi zimesajiliwa kwa majina yasiyofanana kabisa na ya kwenye bango. Wewe utagundua pale mteja atakapopiga simu akiuliza kiti chake kiko wapi, kama nambari ya simu nayo haijabadilishwa.

Kuhusu alama ya kufuli juu ya kivinjari nitasema kwa ufupi. Tangu Julai 2018 Chrome huandika "si salama" kando ya anwani ya ukurasa usiotumia HTTPS. Tangu Desemba 2015 Let's Encrypt hutoa vyeti bure kwa yeyote, na vikipangwa vizuri vinajihuisha vyenyewe. Anayemtoza mteja pesa nyingi kila mwaka kwa cheti cha kawaida cha tovuti ya kurasa tano, aniambie anauza nini hasa.

Twende kwa yule mteja wa mwisho, aliyeshika simu ya bei nafuu ndani ya matatu. Yeye analipia kila megabaiti. Picha iliyopigwa na simu ya kisasa inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti 4. Fundi wa samani ana picha kumi za makochi, na mtengenezaji amezipandisha zote kama zilivyo. Hizo ni megabaiti 40, kuonyeshwa kwenye kioo kisichozidi upana wa kiganja! Mwenye bando la megabaiti 50 umemmalizia karibu lote, na kochi lenyewe hajaliona vizuri. Punguza kila picha hadi pikseli 800, ihifadhi kwa JPEG ya ubora wa 75 hivi, na zote kumi zitakuwa kama megabaiti moja tu. Ni kazi ya dakika kumi na programu za bure zimejaa. Asiyeifanya ni mvivu, au anaipima tovuti kwa Wi-Fi ya ofisini kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa na kuridhika.

Na nambari ya simu tafadhali isiwe ndani ya picha! Iwe maandishi, tena iwe kiungo kinachoanza na tel:+254 ili kidole kikiigusa simu iwe tayari kupiga. Iwe juu ya ukurasa, pamoja na mahali mlipo na saa za kufungua. Ile sentensi ya "Karibu kwenye tovuti yetu, sisi ni kampuni inayoongoza" hakuna aliyewahi kuitafuta.

Najua kuna atakayesema mambo ya tovuti yamepitwa, ana ukurasa wa Facebook na wateja wako WhatsApp. Vizuri, avitumie, hata mimi navitumia. Ila akumbuke jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika zote pamoja kwa muda wa saa sita hivi. Aliyekuwa na orodha ya bei huko tu alikuwa amefunga duka bila kupenda. Kule wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba hakujui.

Sasa zamu ya wenye biashara. Mama, kaka, mara moja kwa mwezi zima Wi-Fi, chukua simu ya kawaida kabisa, fungua tovuti yako kama mtu asiyekujua. Piga ile nambari iliyoandikwa. Tuma ujumbe kwa ile fomu, uone kama unakufikia au unaangukia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Soma bei zako. Halafu mwombe mtengenezaji akupe kwa maandishi jina la msajili, nenosiri la huko, nenosiri la seva, na nakala ya akiba ya tovuti nzima mkononi mwako. Akisema "usiwe na wasiwasi, mimi ninavyo", hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Na kama huna muda wa kuangalia wala pesa za kumlipa wa kuangalia, hilo si aibu. Futa hizo kurasa tano. Acha ukurasa mmoja mwepesi, bila WordPress wala plagini: jina la biashara, unachouza, mlipo, saa za kufungua, na simu. Bei usiziandike, mtu atapiga aulize. Ukurasa kama huo naweza kuutengeneza kwa alasiri moja na kutoza kidogo, na jina nitalisajili kwa kitambulisho chako.