Safari ya Muhula Mmoja Huanzia Nyumbani

Jumapili iliyopita, nikiwa barazani baada ya chakula cha mchana, alinijia jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani. Mkononi alishika bahasha kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai. Binti yake, aliye mwaka wa pili wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam na anayesomea jiografia, amechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ujerumani, katika mji wa Bayreuth.

"Mwanangu," aliniambia, "mama yake anataka tuuze kile kiwanja cha Chanika, mtoto asiende kuaibika ugenini. Mimi nasema barua imeandika kwamba analipiwa. Wewe ni mtu wa magazeti. Hebu isome, utuamue."

Niliisoma barua ile mara mbili. Nikaona kwamba mzee na mkewe kila mmoja ameshika nusu ya kweli. Lakini lilikuwapo jambo la tatu, zito kuliko nauli na kuliko kiwanja, ambalo hapana aliyeliuliza: binti akisharudi, masomo aliyoyasoma huko yatahesabiwa hapa?

Ninayo sababu ya kuuliza hivyo. Mpwa wangu alisafiri namna hiyo miaka michache iliyopita. Alisoma kwa bidii, akafaulu mitihani yote. Aliporejea, idara yake ilimwambia kwamba kozi mbili hazilingani na zile za hapa. Alisema kuwa alikwisha kukubaliwa kabla ya kuondoka. Akaulizwa: na nani, na karatasi iko wapi? Karatasi hakuwa nayo. Alikuwa na neno la mdomo tu, tena la mwalimu aliyekwisha kuhama. Ikambidi angoje mwaka mzima mpaka kozi zile zifundishwe tena. Dada yangu, ambaye huuza vitenge Kariakoo, akalipa ada ya mwaka ambao hakuutarajia. Hapana aliyeiba wala aliyedanganya. Ila mwaka mmoja wa ujana wa kijana yule ulipotea hivi hivi.

Ndugu msomaji, hapana budi tutofautishe safari za aina mbili. Mwalimu Julius Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949, alikwenda kuchukua shahada nzima, akarudi nayo mwaka 1952. Mtihani ulikuwa wa huko na cheti cha huko. Safari ya muhula mmoja si hiyo. Shahada inabaki kuwa ya chuo cha nyumbani. Kinachotoka nje ni kipande tu, nacho sharti kishonwe katika nguo iliyoko hapa. Kipande kisichopimwa kabla ya kukatwa hakitoshei.

Kipimo chenyewe ni mkataba wa masomo. Katika mpango wa nchi za Ulaya uitwao Erasmus, ulioanza mwaka 1987 na ambao tangu mwaka 2015 hubadilishana wanafunzi wa muhula na vyuo vya nje ya Ulaya, vikiwamo vya Afrika, mkataba huo hutiwa saini na pande tatu: mwanafunzi, chuo kinachompeleka na chuo kinachompokea. Ndani yake huandikwa kozi atakazosoma huko, na mbele ya hizo, kozi za hapa ambazo zitahesabiwa kuwa amezimaliza. Mwanafunzi asipande ndege kabla saini ya tatu haijakauka. Akifika akakuta kozi mojawapo imefutwa au inafundishwa kwa Kijerumani asichokijua, asichague nyingine kimya kimya, bali aandike nyumbani siku zile zile ili mkataba urekebishwe.

Hapo kuna mtego ambao wazazi hawauoni, hata wanafunzi wengine pia. Uzito wa kozi hupimwa kwa krediti, lakini mizani zetu si moja. Hapa Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima wa masomo una krediti 120. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka mzima una krediti 60. Kwa hiyo mwanafunzi anayerudi na krediti 30 za muhula wa Ujerumani amemaliza nusu ya mwaka wa masomo, ambayo hapa ni krediti 60. Karani akizisoma 30 kama 30, binti ataonekana amefanya nusu ya kazi. Jambo hilo na liandikwe mapema katika mkataba, lisingoje mabishano ya dirishani.

La pili ni kalenda. Katika vyuo vikuu vya Ujerumani muhula wa baridi huanza Oktoba ukaishia Machi, na muhula wa kiangazi huanza Aprili ukaishia Septemba, ingawa mafunzo ya darasani hupungua kuanzia Julai. Hapa kwetu mwaka wa masomo aghalabu huanza Oktoba au Novemba. Mwanafunzi aweke kalenda mbili mezani, azilinganishe wiki kwa wiki. Anayeondoka kabla ya mitihani ya hapa, au anayechelewa kurudi muhula mpya ukiwa umekwisha kuanza, atakuwa amejenga upande mmoja akabomoa mwingine.

La tatu ni fedha, na hapa nilipata jibu la ugomvi wa mzee na mkewe. Ni kweli kwamba binti analipiwa. Katika mpango huu chuo kinachompokea hakimtozi ada ya masomo. Hupewa posho ya kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kwa kadiri ya nchi aendayo, pamoja na fedha ya nauli. Lakini ada ya chuo cha nyumbani aghalabu huendelea kulipwa. Tena posho hiyo si utajiri. Humo itatoka kodi ya chumba, chakula, bima ya afya, ambayo kila mwanafunzi sharti awe nayo ili aandikishwe chuoni, na mchango wa muhula ambao vyuo vya huko hutoza. Mwenye chumba huweza pia kudai amana kabla ya kukabidhi ufunguo. Fedha ya kwanza ikichelewa wiki mbili, mgeni atakula nini?

Kwa hiyo mama naye hakukosea kuogopa. Alikosea dawa. Kiwanja hakiuzwi kwa ajili ya hofu ya mwezi mmoja. Familia ipige hesabu ya akiba ya mwezi wa kwanza tu, ichangwe na ndugu, naye mtoto aelewe kuwa hiyo ni akiba na si fedha ya matembezi. Mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali aende mapema katika ofisi ya mikopo ya chuo chake, aulize fedha yake ya kujikimu itakuwaje akiwa nje, na apewe jibu kwa maandishi.

La nne ni hati za safari. Mzazi atazame jina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti. Herufi moja ikipishana, miezi huweza kupotea. Anayekwenda Ujerumani kwa zaidi ya siku 90 hahitaji viza ya matembezi bali viza ya taifa ya masomo, na nafasi ya kuonana na ofisa wa ubalozi huombwa miezi kadhaa kabla. Ubalozi hutaka uthibitisho kwamba mwanafunzi ana fedha za kumtosha. Kwa anayejitegemea kipimo kiliwekwa kuwa euro 992 kwa mwezi tangu Septemba 2024, na kiasi hicho hubadilishwa mara kwa mara. Posho ikiwa pungufu ya kiwango kinachotakiwa, iulizwe mapema ubalozini ni vipi pengo hilo litazibwa.

Kuhusu baridi sitasema mengi. Koti zito lipo katika mitumba ya Karume, na huenda likawa lilitoka huko huko Ulaya. Litakuwa linarudi kwao.

Nataka kuongeza neno moja kwa jamaa watakaobaki. Tabia yetu ni kwamba mtoto akipanda ndege, siku ya pili tunampelekea orodha: simu ya mjomba, viatu vya binamu, mchango wa harusi ya jirani. Kijana, kwa kuona haya, hupunguza chakula ili atume fedha. Au huacha darasa akatafute kibarua, asijue kwamba viza yake ina mipaka ya saa za kazi. Wazee wa ukoo wakutane kabla ya safari, waseme waziwazi kwamba katika muhula huu mtoto hadaiwi kitu ila masomo. Naye kwa upande wake awape wazazi siku maalumu ya kupiga simu, asiwaache wakesha.

Niliyasema hayo yote kwa mzee, naye akasikiliza bila kunikatiza. Mwishowe akauliza: "Kwa hiyo kwanza ni kiwanja, au ni koti, au ni viza?"

"Kwanza ni idara, Mzee," nikamjibu. "Kesho asubuhi, kabla ya lolote."

Jumatatu binti alikwenda kwa mkuu wa idara yake na orodha ya kozi nne alizozichagua. Tatu zilikubaliwa. Ya nne ilikataliwa, kwa kuwa hapa ni ya mwaka wa tatu. Alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga, akaketi na baba yake, wakaipekua orodha ya masomo ya Bayreuth hadi usiku, mzee akishika taa ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Walipata nyingine ya kupima na kuchora ramani. Jumatano mkuu wa idara akaipitia, akatia saini.

Kiwanja cha Chanika kipo palepale. Mama yake amekwisha kupanda mihogo.