Usiyafukie matete ya bondeni

Anayeishi Mikocheni anajua kwamba masika yakianza mashimo ya vyoo hujaa, na asiyemwogopa Mola wake hufungulia uchafu usiku uende na maji ya mvua hadi Mto Mlalakuwa, na kutoka huko baharini. Na bado wapo wanaomwaga vifusi kwenye madimbwi ya matete ili wapate kiwanja. Kwa maoni yangu tunajidhuru kwa mikono yetu.

Tete si gugu tu. Shina lake lina uwazi ndani, na hewa hushuka humo hadi kwenye mizizi iliyozama katika tope lisilo na hewa. Juu ya mizizi hiyo, na hata ndani ya nyama ya mzizi wenyewe, wanaishi bakteria. Tete huwapa hewa na chakula, nao hufanya kazi. Wapo wanaoigeuza amonia, ile inayochoma pua chooni, kuwa naitreti. Wenzao walio kwenye tope la pembeni huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi ya naitrojeni, ikapaa zake bila madhara. Wapo hata wanaovunjavunja mafuta ya magari. Kwa hiyo si kila bakteria ni ugonjwa, ingawa ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majirani zetu hapo Mlimani, wamejenga madimbwi ya kokoto yaliyopandwa matete kwa ajili ya kusafisha maji machafu. Moshi nako lipo. Sisi tumepewa la bure, tunalifukia!

Lakini asije mtu akasema, basi nielekeze bomba la choo kwenye matete. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, sembuse kumwaga shimo zima. Matete hupunguza uchafu, hayamalizi vijidudu vyote vya maradhi, na dimbwi likizidiwa hunuka kama mtaro mwingine wowote. Tukumbuke kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia humu humu Kinondoni. Na wewe mama unayechota kisima kifupi kilicho karibu na shimo la choo, usidanganywe na weupe wa maji. Rangi, ladha na harufu huenda havijabadilika, na hukumu ya udhu utaelezwa na masheikh. Ya kunywa, chemsha.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Ukiona lori la kifusi linarudi nyuma kuelekea matete, usingoje kulalamika barazani baada ya swala. Nenda serikali ya mtaa siku ile ile, maana kifusi kikishashindiliwa hewa haishuki tena, na mizizi huoza pamoja na wote waliomo ndani yake.