Herufi Isiyo Yetu, Maneno Yaliyo Yetu

Likizo iliyopita, hapa Mulot, mji uliokaa mpakani mwa Bomet na Narok, niliketi barazani na wanafunzi watatu waliokuwa wakicheza Scrabble, na mmoja wao, msichana mwenye bidii na adabu, akawa ameduwaa mbele ya kete zake saba, kwa kuwa miongoni mwazo ilikuwamo Q, na U hakuwa nayo. "Mwalimu," akaniambia, "Q bila U ni mzigo tu." Hakukosea kuiogopa, maana katika kete 100 za mchezo huo Q ni moja, thamani yake alama 10, na aliyesalia nayo mwisho wa mchezo hukatwa alama hizo hizo.

Lakini A, D na I alikuwa nazo. Nikamwuliza: mahakama inayoamua ndoa na mirathi za Waislamu katika nchi hii huitwaje? "Mahakama ya Kadhi," akajibu bila kusita, kwani imetajwa katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 aliyoisoma shuleni. Nikamweleza kwamba Waingereza, walipolitwaa neno hilo kwa Waarabu, waliihifadhi qafu, herufi yake ya kwanza kwa Kiarabu, kwa Q, wakaandika qadi. Naye akazipanga kete nne, zenye jumla ya thamani ya alama 14.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Vijana wetu hupewa orodha ndefu za maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U, wakayakariri kama hirizi, wala hawaambiwi kwamba mengi katika hayo ni ndugu wa maneno waliyoyazoea: qibla ni kibla, talaq ni talaka, waqf ni wakfu, suq ndiyo asili ya soko, faqir ni fakiri, ambaye wingi wake kwa Kiarabu ndio uliotupa fukara, na qat si kitu kingine ila miraa ya Meru. Mtoto wa Kipsigis, ambaye lugha ya mama yake haiandiki Q, wala Kiswahili sanifu hakiiandiki, hudhani kila neno lenye herufi hiyo ni la ajnabi, ilhali maana yake anayo kifuani tangu utotoni.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa vilabu vya mchezo huu, katika nchi ambayo mji wake mkuu ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia mwaka 2017, wafundishe asili ya maneno kabla ya orodha, na kamusi ya Kiswahili iwekwe mezani kando ya ile ya Kiingereza, kwani akili hushika upesi kile inachokitambua, na kilichokaririwa bila maana husahaulika mtihani ukiisha.

Kabla ya magharibi msichana yule aliniuliza kama kahawa nayo ina qafu. Nikamjibu kwamba kwa Waarabu inayo, ila Kiingereza kililipokea neno hilo kwa njia ya Waturuki na Waholanzi, na Q ikapotea safarini.